Mjadala: Debian kuweka fimwea zilizofungwa kwenye flashi, walituokoa au walituuza?

Mtoa mada (fundi, Mwanza)

Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikaa kooni siku nyingi, leo nalitema. Tangu Windows 10 ikatiwe msaada tarehe 14 Oktoba 2025 wateja wenye mashine za mtumba wanakuja wenyewe, "fundi nipigie hiyo Linux basi", na mimi huwa napiga Debian, moja ya distro, yaani matoleo ya Linux. Sasa kuna watu kila nikiisifia wananirukia eti imeshapoteza usafi wa programu huria tupu, kisa mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura fimwea zilizofungwa ziingie kwenye flashi rasmi ya kuinstolia, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Fimwea kwa asiyejua ni kile kiprogramu ambacho kaneli, moyo wa Linux, inakisukumia ndani ya kadi ya picha au ya Wi-Fi ili kadi iamke, msimbo wake hatuuoni.

Mimi nasema walichelewa sana. Kuna mashine niliwahi kumpigia dada mmoja wa stationery, distro ya wasafi kabisa, jina naliacha. Ikawaka na herufi kubwa kama bango la mnada, skrini imeganda 1024 kwa 768, ukifungua dirisha la kuprinti kitufe cha OK kiko chini huko hakionekani, tunabonyeza Enter kwa kubahatisha na wateja wamepanga foleni na vyeti vyao mkononi. Dreva, programu ya kuiendesha kadi ya picha, ilikuwepo ndani ya kaneli, huria safi, ila fimwea yake hakuna. Na Wi-Fi nayo inadai fimwea yake, kwa hiyo fimwea uishushe kwa intaneti ambayo huipati mpaka uwe na fimwea! Nilitoka kwa kuchomeka simu na waya, USB tethering, bando langu. Huo uhuru ulikuwa wa nani pale? Karibuni, sindano na zije.

Mzee wa Terminali

Mkuu nakuelewa ila njaa imekufanya ule mbegu. Mkataba wa Debian wa mwaka 1997, wa kubaki na programu huria tupu, ulikuwa ukitusaidia kubana kampuni za kadi za picha. AMD walianza kutoa nyaraka za kadi zao mwaka 2007, 2015 dreva ya amdgpu ikaingia kwenye kaneli 4.2, na leo mwenye kadi yao anawasha tu kazi inaendelea. Upande wa NVIDIA ilikuwaje? Mpaka Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2012 kule Finland akawaonyesha kidole mbele ya kamera akasema ni kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Halafu kuanzia GTX 900 wakaweka fimwea yenye sahihi yao, nouveau, ile dreva ambayo watu waliijenga kwa kupapasa gizani, ikashindwa hata kupandisha spidi ya kadi, yaani kadi ya mamilioni inatembea mwendo wa bajaji yenye abiria sita.

Na dreva iliyofungwa ina siku yake ya kuzikwa, hili mafundi hamuwaambii wateja. Kadi za ukoo wa Kepler, mfano Quadro K2000, dreva yao ya mwisho ni ya mlolongo wa 470, msaada ukaisha 2024. Kadi nzima, feni inazunguka vizuri, ila siku kaneli mpya ikigoma kujengeka na dreva hiyo utamlilia nani? Ya kwangu ya ukoo huohuo inaendeshwa na nouveau mpaka leo, spidi naipandisha kwa mkono, nakuwa ruti, yaani msimamizi mkuu wa mashine, halafu naandika `echo 0f > /sys/kernel/debug/dri/0/pstate`, basi. Imebaki hai kwa sababu kuna watu walikataa kumeza.

Mkenya wa Nakuru

Buda hapo kwa AMD umeruka kitu. Hiyo amdgpu yako ni open sawa, lakini fungua terminali uandike `sudo dmesg | grep -i firmware` uone ni faili ngapi imeitisha kabla ikupee picha. Zote zimefungwa. Kwa hivyo hao unaowasifu pia wako na chumba hawataki uingie, ni vile tu hawakukukalia ngumu mlangoni.

Na NVIDIA pia walifungua moduli zao za kaneli Mei 2022, za kadi za kuanzia ukoo wa Turing kuja juu, watu wakashangilia sana mpaka wakaangalia vizuri. Kazi nyingi imesukumwa ndani ya fimwea ya GSP, kichakato kidogo ndani ya kadi, na programu zao za michoro na hesabu, OpenGL, Vulkan na CUDA, bado zimefungwa vilevile. Siri imetolewa sebuleni ikapelekwa jikoni.

Kitu inanichekesha zaidi ni FSF, shirika la watetezi wa programu huria. Debian hawaiidhinishi hadi leo, wanakuelekeza kwa distro kama Trisquel na wenzake. Lakini fimwea ikiwa imechomwa ndani ya chipu kiwandani hiyo wanasema haina noma. Sasa code ni ileile, kampuni ni ileile, ikiwa kwa chipu ni halali, ikiwa faili kwa flashi ni haramu? Hiyo fatwa mimi siielewi. Afadhali ya faili, siku moja mtu anaweza kuichambua ama aandike nyingine.

Mwanafunzi, mwaka wa 2

Samahani wakuu naingilia mada, laptopu yangu ina GPU mbili, Debian 12, jana niliapdeti kaneli leo ni skrini nyeusi tupu, kamstari tu kamoja kanapepesa juu kushoto. Nina asainmenti kesho saa 2 asubuhi. Naombeni msaada hata kama ni wa upande wa fimwea au wa uhuru mimi sichagui

Mtoa mada

😂 Dogo tulia. Washa, ikifika kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kaneli ya kuwasha, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwisho wake acha nafasi uandike nomodeset, kisha Ctrl na X. Itawaka na herufi za mnada kama za yule dada, usijali. Andika `mokutil --sb-state` tuone kama Secure Boot imewashwa, na `sudo dkms status` tuone kama dreva imejengeka, lete majibu.

Dada wa Data, Dar

Wakati mnamsubiri dogo, mimi nafundisha modeli ya kutambua sauti za Kiswahili, kazi yote iko kwenye CUDA, nouveau haiwezi CUDA. Mzee wa Terminali naheshimu msimamo wako ila kwangu hakuna kuchagua, nimefunga hiyo dreva na nimelala usingizi. Kinachoniuma ni kwamba kadi ya GTX 1080, ambayo mwanafunzi anaweza kuipata kwa bei ya chini, mlolongo wa dreva wa 580 ndio wa mwisho kwake. Hilo la kuzikwa kweli kabisa.

Mwanafunzi, mwaka wa 2

Imewaka! SecureBoot enabled. dkms inasema nvidia added tu haisemi installed. Halafu jana kulitokea kiskrini cha bluu kinahesabu sekunde 10 nikadhani ni virusi nikaacha kikapita

Mzee wa Terminali

Hicho ndicho cha kusajili ufunguo, Secure Boot haipakii dreva isiyosainiwa na ufunguo inaoutambua, lakini kwanza `sudo apt install linux-headers-amd64`, bila hizo dreva haijengwi kwa kaneli mpya. Ikimaliza, `sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, weka paswadi yoyote ya muda, restati. Kile kibluu kikirudi kidake kabla ya sekunde 10 kuisha, Enroll MOK, Continue, Yes, paswadi ileile. Mashine yako hiyo, ufunguo umeutengeneza mwenyewe, na bado inabidi upige hodi.

Mtoa mada

Mzee hapo kwenye Kepler, na Dada kwenye 1080, mmenipata, tangu leo mteja nitamwambia kabla hajalipa kadi yake imebakiza miaka mingapi. Ila kwenye flashi sirudi nyuma. Na ninyi wasafi hawakuwatupa, pale mwanzo wa kuinstoli ukiongeza `firmware=never` haipakii hata moja. Aliyeweza kuandika hilo neno hana shida na tethering. Yule dada wa stationery anayo.

Mzee wa Terminali

Sisi wenyeji ndio tupitie mlango wa nyuma? Wenye fimwea zilizofungwa ndio wajifiche, si sisi.

Mkenya wa Nakuru

Wote wawili mko na nouveau kwa roho, spidi haipandi 😅 Dogo iko aje?

Mwanafunzi, mwaka wa 2

Imekubali wakuu, nvidia-smi inaonyesha kadi!! Mungu awabariki. Ila nikichomeka TV kwa HDMI picha ipo sauti hakuna, hiyo nayo ni fimwea?