Pedali stili mpya kwa mtu wa pwani: niagize kwa nani?

kinanda_malindi

Wadau, salaam aleikum. Naomba ushauri kwa aliyewahi kuikalia pedali stili yenyewe, lile gitaa la kulazwa lenye pedali na leva za goti za kupandisha na kushusha nyuzi. Mwenye nia ya kunishauri ninunue kibodi yenye sauti ya stili ndani, hiyo ninayo, na ndiyo iliyonichosha.

Napiga gitaa kwenye bendi ya hoteli hapa Malindi. Wageni wetu wa wikendi wengi ni wa kutoka bara, na mtu wa bara akishakula samaki wake akatulia, anataka Jim Reeves na Don Williams. Zikija harusi natoka na kikundi cha taarab, nashika udi au gitaa, inategemea nani hakufika. Kwa hiyo chombo nikitakacho lazima kifanye kazi kote kuwili. Kwa sasa nina stili ya kulaza mapajani, nyuzi sita, niliyochongewa na seremala wa hapa mjini kwa ubao wa mwembe. Inalia vizuri mashallah, lakini ule mlio wa noti moja kupanda huku wenzake wamekaa pale pale siupati, hata nikipinda vipi kile chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi.

Kuna pesa ya mashua ya marehemu baba, tumeiuza mimi na ndugu zangu, na fungu langu nimeamua liende huku. Mke wangu anajua. Alichosema hakiandikiki hapa.

Nimebakisha watengenezaji wanne: Mullen wa Colorado, MSA wa Texas, Williams wa Minnesota na Excel wa Japani. Bei za shingo moja, yaani safu moja ya nyuzi, naona zinaanzia kama dola 4,000, na ukiongeza leva na rangi uitakayo unapita 5,000. Hapo ni laki sita na ushee za Kenya, kabla ya nauli, kabla ya VAT ya asilimia 16, kabla ya ushuru na yale makato mengine ya forodha, hata ya reli. Mtu unanunua gitaa, unachangia reli.

Video nimetazama mpaka bando limekwisha. Kila moja ni mzee wa Kimarekani kwenye chumba chenye zulia na kiyoyozi. Sijaona hata mmoja anayepiga karibu na bahari kusi ikivuma. Huku nyuzi za gitaa la kawaida ukizisahau bila kuzifuta, ukirudi zimeshika kutu.

Basi nataka kujua: shingo moja au mbili? Mwili wa namna gani utavumilia chumvi? Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Nikitaka kupiga rasti au bayati, zile maqamu za Kiarabu zenye robo ya sauti, mtengenezaji anaweza kuniwekea kwenye leva ya goti, au nitakuwa nimenunua chombo cha kantri tu? Kama swali lenyewe ni la kishamba, niambieni pole pole.

kantri_nakuru

Karibu kwenye umaskini ndugu yangu.

Swali langu ni moja: kwa nini mpya? Pedali stili za zamani za kiwanda cha Sho-Bud, modeli ya Maverick, huonekana mtandaoni kwa bei nafuu mno, na jina ni lile lile la Nashville. Mimi ningechukua hiyo nikabaki na pesa ya amplifaya.

Na kuhusu chombo cha kantri tu, hapana. King Sunny Adé wa Nigeria aliiingiza kwenye muziki wa juju wa kwao, mpigaji wake akiwa Demola Adepoju, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 dunia nzima ikawasikia. Ukimsikiliza huwezi kudhani chombo kile kina habari yoyote na Tennessee.

mwana_langoni

Wa aleikum salaam yakhe. Swali lako la tatu si la kishamba hata kidogo, nitalifikia.

Nimeishi Texas miaka mingi, mchana naendesha lori, Ijumaa usiku napiga kwenye kumbi za dansi. Niliporudi Lamu nilirudi na MSA yangu ya miaka ya 1970, shingo mbili, ndani ya kontena. Kutoka gatini hadi mtaani kwetu Langoni ilipanda punda, na mwenye punda alitaka nauli maradufu akidai ndani ya sanduku mna maiti.

Kwa hiyo shingo mbili achana nayo. Ikiwa ndani ya sanduku lake hupita kilo 30, na shingo ya nyuma ni tyuni ya C6, ya swingi na jazi. Hao Don Williams wako ni tyuni ya E9 mtupu. Lloyd Green, aliyempigia Don Williams studio, Sho-Bud walimtengenezea modeli yake, LDG: shingo moja, na pale ambapo shingo ya pili ingekaa wakaweka mto wa kuegemeza mikono. Yeye alikuwa akiishi kwa kupiga, na ilimtosha. Halafu piga hesabu ya ndege. Mashirika mengi hukuruhusu kilo 23 kwa sanduku, na likizidi 32 hawalipokei kabisa kuwa mzigo wa abiria. Shingo moja nyepesi, miguu imefunguliwa na fito za pedali zimetolewa, mtu wenu anayekuja likizo anaweza kuja nayo. Forodha utalipa vilevile, usije ukamponza.

Mwili. Mbao karibu kwa wote ni mepo, tofauti iko juu yake. Kuna laka inayong'aa na mishipa ya mbao inaonekana, na kuna fomaika, ile ngozi ngumu ya plastiki kama ya meza za jikoni. Chukua fomaika. Laka ni ya kupigiwa picha. Kwa jua letu na unyevu wetu itapasuka nyufa nyembamba kabla hujamaliza kujifunza. MSA yangu ni fomaika nyeusi na mwili wake mzima mpaka leo, kilichooza ni springi na skrubu. MSA walipofungua tena kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitoa pia Millennium, yenye mwili wa nyuzi za kaboni badala ya mbao. Ukiiona hata iliyotumika, na bei iko ndani ya uwezo wako, usilale.

Sasa robo ya sauti. Chuma cha mkononi hakina mipaka, ukikirudisha nyuma kidogo sauti zote zinashuka pamoja. Shida yako ni kuishusha moja na nyingine zibaki. Hiyo ndiyo kazi ya chenja, ule mtambo wa mkono wa kulia nyuzi zinapopindia. Uzi wa 6 wa E9 ni G#, ambayo ni noti ya tatu kwenye ngazi ya E. Rasti inataka hiyo ya tatu ikae kati ya G na G#. Unamwomba mtengenezaji aweke fito kutoka kwenye leva hadi uzi wa 6, na kituo chake unakitegesha mwenyewe kwa kuzungusha nati ya nailoni pale mwisho wa mwili, mpaka sikio lako liseme hapa. Mashine haijui kama ni robo au nusu, inafuata nati tu.

Lakini kuna mtego. Uzi huo huo wa 6 watu wa kantri hupenda kuushusha hadi F# kwa leva nyingine, nawe utaitaka hiyo kwa wageni wako wa wikendi. Ndiyo maana swali la kumwuliza si kama gitaa lake linalia vizuri. Mwulize chenja inashusha uzi mmoja kwa njia ngapi. Zikiwa mbili una nafasi ya zote mbili. Ikiwa moja, utachagua kati ya harusi na hoteli. Tena mwambie fito ya robo aiweke kwenye tundu lililo karibu na mhimili, leva ipate safari ya kutosha. La sivyo goti litagusa tu na noti imeshatoka, hutaweza kuiteleza taratibu jinsi Zein l'Abdin alivyokuwa akiiteleza kwenye udi, Mungu amrehemu.

@kantri_nakuru, Maverick ilikuwa ya wanafunzi. Pedali tatu na leva moja kwa kawaida. Hapo robo ya sauti utaifunga wapi? Na Sho-Bud kama kiwanda ilifungwa zamani. Kuna mafundi Marekani wanaochonga vipuri vyake, ila mtu wa Nashville husubiri posta siku chache, sisi ni habari nyingine.

Kuhusu wale wanne, sitakudanganya kwamba yuko mbaya. Wote wamekuja baada ya ile karakana ya Sho-Bud ya Shot Jackson na Buddy Emmons, kabla Emmons hajaondoka mwaka 1963 kwenda kuanzisha ya kwake na Ron Lashley. Kwa ufundi wamekaribiana sana, na kelele za huyu ana sauti tamu kuliko yule zinatoka zaidi kwa watu wenye magitaa mengi kuliko kazi. Excel ni chombo safi, lakini wanaoijua ni wachache, na siku ikikushinda utahitaji mtu wa kumuuliza. Williams wanaweza kukutengenezea isiyo na kichwa cha vigingi vya kukazia nyuzi, fupi na nyepesi, na kwa ndege hiyo inasaidia. Ningekuwa wewe ningewaandikia Mullen, MSA na Williams barua ile ile moja, yenye swali la uzi wa 6. Atakayekujibu kwa kueleza matundu na fito, huyo mpe pesa. Atakayekujibu kwa kusifu gitaa lake, mshukuru.

fundi_wa_boti

Muziki siujui, chuma nakijua. Niko Malindi, injini za boti ndiyo kazi yangu.

Kabla hujalipa uliza skrubu ni za inchi au milimita. Vitu vya Marekani mara nyingi ni inchi. Ikianguka moja, duka la hapa utapewa ya milimita, ukailazimisha, ukala meno ya aluminiamu, basi tena. Agiza pakiti ya ziada pamoja na funguo zake. Springi pia, na kama wanaweza kuweka fito za chuma kisichoshika kutu, lipia.

Mafuta yawe ya cherehani, tone dogo kwenye viungio, si kumwaga. Mafuta mengi hukamata vumbi la mchanga, na mchanga ndio unaokula kuliko chumvi. Ukimaliza kupiga futa kwa kitambaa kikavu, funga kwenye sanduku, na usiliache barazani linakotazama bahari hata kwa dakika ya chai.

kinanda_malindi

Shukran sana. Mwana_langoni, hiyo habari ya njia mbili za kushusha hakuna video iliyoniambia.

Nimefunga hivi: shingo moja, nyuzi 10, fomaika, pedali tatu na leva tano, chenja ya kushusha mara mbili. Barua nimeshaiandika, inatoka leo kwa wote watatu. Yamebaki mawili. Nyuzi, niagize za nikeli au za chuma kisichoshika kutu? Na leva ile ya wima, inayosukumwa na goti kwenda juu: harusini navaa kanzu, mara nyingine kikoi. Nitapigaje bila kuinua nguo mbele ya wakwe za watu?

mwana_langoni

Nyuzi: chuma kisichoshika kutu kwa huku kwetu, hata kama nikeli ina sauti ya utamu zaidi kidogo. Na uzi wa 3 ununue peke yake kwa wingi. Ni wa 0.011 na unakazwa hadi G#, ndio unaokatika kuliko wote, tena hukatika katikati ya wimbo.

Kanzu haina tatizo ikiwa pana, unaikusanya kati ya mapaja kabla hujaingia chini ya gitaa. Kikoi ndicho kisumbufu, kinanasa kwenye leva ya kushoto. Weka ile robo yako kwenye leva ya goti la kulia, mbali na pedali. Goti la kulia halina shughuli nyingi, na mguu wake uko kwenye pedali ya sauti tu.

Kabla hujatuma pesa ya kwanza panda basi uje Lamu. Uikalie hii yangu, uone kama miguu yako inakubali mpango wa Emmons, pedali ya kwanza, A, ikiwa kushoto kabisa, au ule wa Jimmy Day uliogeuzwa. Hilo ukishaagiza kulibadilisha ni kufungua chombo chote upande wa chini. Ukifika Mokowe, gati la upande wa bara, nipigie, nitakutumia mtu wa boti. Njoo na kucha zako za kuvaa vidoleni za kupigia, zangu ni kubwa. Pia ukiwa nyumbani kaa kwenye kiti utakachopigia, upime kutoka sakafuni hadi juu ya paja, kwa inchi. Watakuuliza hicho kipimo ili wajue urefu wa miguu ya gitaa, na ukiwapa cha kukisia goti lako halitaifikia ile leva ya wima.