Bima ya afya kwa wote: tuanze na kadi au tuanze na dawa?

Mtoa mada: Wakuu, sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni Novemba 2023. Lengo zuri, silipingi. Ninachouliza ni mpangilio: tusajili watu kwanza, au tujaze kwanza stoo za zahanati? CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na hadi leo mwenye kadi anaandikiwa dawa akanunue nje. Naomba hoja, siyo matusi.

Mzalendo Halisi: Kadi kwanza. Bila michango, MSD, bohari ya dawa ya serikali, wanunue dawa kwa maneno? Shida ni watu wetu. Kaya ya watu sita, CHF ilikuwa elfu 30 kwa mwaka mzima, na bado walilia hawana. Mchango wa harusi laki moja anatoa bila kuulizwa mara mbili, na sare anashona.

Mama Wawili: Sare kashone wewe. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilikuwa 50,400 kwa mtoto na wazazi walikuwa wanalipa bila kusukumwa. 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wakaambiwa wapitie shuleni. Anayenyonya apitie shule gani?

Mzalendo Halisi: Mlikuwa mnawakatia wakishaumwa. Mfuko gani utasimama hivyo? Bima unakata ukiwa mzima.

Mama Wawili: "Mlikuwa"? Unanijua?

Nesi wa Wilayani: Mtoa mada, hilo la "anaandikiwa dawa akanunue nje" umeliandika kama vile sisi tunafurahia. Zamu ya usiku niko peke yangu, nazalisha huku kuna mtoto ana degedege. Maombi ya dawa tunatuma, tunaletewa pungufu. Mgonjwa anapita mapokezi vizuri, kadi yake hai, dokta kamwandikia, akifika dirisha la dawa anakuta antibayotiki imeisha. Hapo anayeambiwa mwizi ni mimi, siyo aliyeko Dodoma.

Pangu Pakavu: Mmesahau 1 Machi 2024? Hospitali binafsi kibao zilisimamisha huduma kwa wenye kadi za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ugomvi ukiwa bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na malipo yake. Wale ni watumishi wanaokatwa asilimia 3 kila mwezi na mwajiri anaongeza 3. Wana kadi, wana michango, na bado walikwama. Sasa leteni nchi nzima kwenye mfumo huo kabla bei hazijakubalika.

Kamati Fundi: Mimi narudi kwa Mzalendo na harusi zake. Nimeshika uweka hazina wa kamati si mara moja, nakwambia hivi: mtu anatoa laki kwa sababu kila kikao anasomewa mapato na matumizi, jina kwa jina, ahadi na taslimu. Siku ikifika anaona ukumbi, anahesabu na bia zake. Lini kijijini kwenu walisomewa CHF imeingiza kiasi gani na imenunua nini?

Mzalendo Halisi: Kwa hiyo tupike pilau zahanati?

Kamati Fundi: Hata chai hamna, utaanzia wapi pilau.

Nesi wa Wilayani: Kamati ya zahanati ipo, na wajumbe wanatoka vijijini humo humo. Wananchi tukiwaita kikao hawaji. Wakiitwa kwenye send-off wanajaa.

Mama Wawili: Send-off wanapewa soda, dada.

Mtoa mada: Jamani, dawa au kadi?

Mzalendo Halisi: Kadi, nimeshasema. Kama mtu ana laki ya double, elfu 30 ilimshindaje?

Pangu Pakavu: Kuna wasio na laki wala elfu 30. Hao sheria inasema watalipiwa na serikali. Hela itoke wapi, na nani ataamua fulani hana uwezo? Ni mwenyekiti wa kijiji? Hapo ndipo ningependa mnijibu.

Kamati Fundi: Ngoja kwanza. Mzalendo, double laki moja mnachangia wapi? Kwetu laki ni single, na unasimama nyuma karibu na jenereta.

Mama Wawili: Kwenu wapi huko, tusije tukaoa.