Wasifu wa Moïse Katumbi: nani alimchagua gavana 2007?

Mwanakatuba
Jambo wandugu. Kikundi chetu hapa Lubumbashi kinatayarisha wasifu wa Moïse Katumbi, mwanasiasa na mfanyabiashara wa Kongo aliyekuwa gavana wa jimbo la Katanga, kurasa mbili tu. Tumekwama. Wengine wanaandika kwamba raia wa Katanga walimpigia kura ya ugavana 2007, wengine kwamba aliteuliwa na Rais Kabila. Tena, miaka minane ya ugavana ni mihula mingapi? Kama kuna makosa mengine yanayorudiwa-rudiwa, tuonyesheni kabla hatujachapa.

Fundi_wa_kura
Yote mawili si kweli, ndugu. Kifungu cha 198 cha Katiba ya 2006 kinasema gavana na makamu wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa miaka mitano, na muhula unaweza kurudiwa mara moja. Rais anatoa amri ya kuwathibitisha, basi. Hiyo saini ndiyo inayowadanganya watu waseme "aliteuliwa".

Fuateni tarehe. 30 Julai 2006 raia walichagua wabunge wa taifa, na Katumbi akapata kiti. 29 Oktoba 2006, siku ileile ya duru ya pili ya urais kati ya Kabila na Bemba, raia walichagua wabunge wa majimbo. Januari 2007 hao wabunge wa jimbo ndio waliompa Katumbi ugavana. Kiti cha Kinshasa akakiacha, maana kazi hizo mbili haziendi pamoja.

Mihula: mmoja. Ulipaswa kuisha mwanzoni mwa 2012, lakini uchaguzi wa mabunge ya majimbo haukufanyika mpaka Desemba 2018. Bunge lile la 2006 likabaki, na gavana wake akabaki, hadi alipojiuzulu Septemba 2015 na kutoka PPRD, chama cha Kabila. Mkiandika "alichaguliwa tena 2012", mmebuni uchaguzi.

Mama_Ruashi
Naongeza: msimwite "gavana wa zamani wa Haut-Katanga". Alikuwa gavana wa Katanga nzima. Jimbo lilikatwa 2015 likazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na aliondoka miezi michache tu baadaye. Kosa hili naliona hata kwa watu wenye diploma!

Mzee wa Luapula
Mwanangu, anza na Kashobwe, kando ya Luapula, ng'ambo ni Zambia. Alizaliwa huko 28 Desemba 1964. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Mama yake Mkongomani. Jina Katumbi Chapwe ndilo analotumia, kwa hiyo msimwandike "Moïse Soriano" kwenye kichwa cha habari. Raphaël Katebe Katoto, aliyeingia siasa pia, ni kaka yake kwa baba. Picha zao zinachanganywa.

Kazi: samaki kwanza, halafu usafirishaji na migodi. Kampuni yake MCK ilianza 1997, ikifanya kazi za migodi kwa mkataba. Mwaka huohuo alishika uongozi wa TP Mazembe, timu ya mpira ya Lubumbashi. Aliishika tu, hakuianzisha: timu ni ya 1939, na ilikuwa imekwisha kuchukua kombe la vilabu vya Afrika 1967 na 1968. Ya wakati wake ni 2009, 2010 na 2015. Mnaotaka kueleza kwa nini jina lake lilijulikana katika kila komini kabla ya 2006, mpira upeni aya yake peke yake.

Mwanakatuba
Asante sana mzee, asante mama. Na uchaguzi wa urais wa 2018? Tuandike tume ilikataa faili lake la kugombea?

Fundi_wa_kura
Hapana. Tume ya uchaguzi, CENI, haikupokea faili lolote la kukataa. Mwanzoni mwa Agosti 2018 alizuiwa kuingia nchini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mwisho wa kuweka faili ulikuwa tarehe 8. Andikeni "alizuiwa kuingia, hakuweza kuwasilisha". Habari ya uraia ielezeni kwa uangalifu: kifungu cha 10 cha Katiba kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine, na hapo ndipo wapinzani wake walipombana, wakidai alishika uraia wa nchi nyingine.

Alirudi Lubumbashi Mei 2019, akaunda chama cha Ensemble pour la République Desemba mwaka huo. Uchaguzi wa urais wa 20 Desemba 2023 alikuwa wa pili, karibu asilimia 18, nyuma ya Rais Tshisekedi. Takwimu chukueni kwenye uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Januari 2024. Zile za CENI zilikuwa za muda.