Maji ya sola kijijini: tulipie kwa ndoo au kwa mchango wa kaya?

Mleta mada

Wakuu, hili tulijadili kwa hesabu. Kijiji kiko Singida, watu 1,600, kaya kama 320. Kisima kirefu kimeshachimbwa, na kipimo cha saa 24 kinaonyesha lita 9,000 kwa saa. Mradi ni pampu ya sola, tangi la lita 50,000 na vilula 7, yaani vituo vya bomba vya kuchotea maji. Visima 3 vya pampu za mkono, Afridev, bado vinafanya kazi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuamua mambo mawili. Maji yalipiwe kwa ndoo, shilingi 20 kwa lita 20, au kila kaya itoe shilingi 12,000 kwa mwaka ichote bila kuhesabiwa? Na zile Afridev zing'olewe au zibaki? Wapo pia wazee wanaouliza kwa nini tulipe kabisa.

Mweka Hazina

Nianze na la wazee, kwa heshima. Mpango wa mwaka 1971 uliahidi maji kwa vijiji vyote ndani ya miaka 20, serikali ikibeba gharama. Mwaka 1991 ulipofika ahadi ilikuwa haijatimia, na sera ya maji ya mwaka huo ikaleta uchangiaji. Sera ya 2002 ikaongeza: watumiaji wabebe gharama yote ya uendeshaji na matengenezo. Kwa hiyo swali lililobaki ni namna ya kulipa.

Mimi nasimama na ndoo. Sera hiyo ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, lakini watu wanaonunua kwa ndoo huchota pungufu, kwa hiyo tuchukulie lita 10. Hizo ni ndoo 800 kwa siku, shilingi 16,000. Kwa mwaka ni 5,840,000. Wakala anayeuza maji kilulani akichukua asilimia 20, chombo chetu cha watumia maji kinabaki na 4,672,000.

Mchango wa kaya ukilipwa na wote 320 ni 3,840,000. Wakilipa theluthi mbili tu ni 2,560,000, na asiyelipa anachota sawa na aliyelipa. Utamzuiaje pale kilulani? Kwenye ndoo, deni halipo.

Mama Kaya

Ndugu Mweka Hazina, hesabu yako imesahau mvua. Singida mvua huanza Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo 5 watu wanakinga maji ya bati na wanarudi kwenye visima vya kienyeji mabondeni. Chukulia mauzo yashuke nusu tu. Siku 151 kwa shilingi 8,000 ni 1,208,000. Siku 214 zilizobaki kwa 16,000 ni 3,424,000. Jumla 4,632,000, toa asilimia 20 ya wakala, unabaki na 3,705,600. Hiyo imeshuka chini ya mchango kamili wa kaya.

Na hapo tunaongelea fedha tu. Kaya ya watu 5 ikichota lita 10 kwa mtu inatumia ndoo mbili na nusu, shilingi 50 kwa siku, yaani 18,250 kwa mwaka. Ikitaka kufikia lita 25 za sera inalipa 45,625. Nani atalipa hiyo Januari, akiba ghalani ikiwa imeisha? Kinachopunguzwa kwanza ni maji ya kunawa mikono, kufulia nepi na kuogesha watoto. Maji ya bondeni hayana bei lakini yana kuhara, na wakati wa mvua ndipo yanapochafuka zaidi kwa sababu kila kilichoko juu ya ardhi kinateremkia humo. Bei ya ndoo inamsukuma mtu huko katika miezi ileile ambayo hakupaswa kwenda.

Mchango ukusanywe mara moja, Juni na Julai, alizeti ikishauzwa. Mkulima ana fedha wakati huo.

Fundi Pampu

Naomba mkutano using'oe Afridev hata moja. Mtambo wa sola ukifa kijiji kizima kinakauka mara tangi likiisha, wakati mdundiko, yaani pampu ya mkono, ukifa kimekauka kitongoji kimoja, na unarudi kwa nusu siku ya kazi.

Uzuri wa Afridev ni kwamba pistoni na vali ya chini hutolewa kwa juu bila kung'oa bomba lote. Dalili zake zinasomeka kirahisi. Mpini mwepesi na maji hayatoki: sili ya pistoni, ule mpira wa kuzibia, imelika au rodi, vyuma vinavyounganisha mpini na pistoni, zimeachana. Maji yanatoka baada ya kupiga sana, hasa asubuhi: vali ya chini au kiungo cha bomba kinavujisha, maji yamerudi kisimani usiku. Mpini unalia na kucheza pembeni: bushi, vile vipete vya plastiki vinavyoshika pini ya mpini, zimelika. Sili na bushi zibadilishwe kila mwaka kabla ya kiangazi, hata kama pampu bado inatoa maji. Bushi iliyolika ikiachwa, pini inatafuna mpini wenyewe, na mpini ni ghali kuliko bushi za miaka kadhaa.

Kinachoua pampu hizi ni kukosa vipuri. Duka liko mjini, kamati inasubiri ivunjike ndipo ichangishe, na kuchangisha kunachukua wiki. Seti 3 za sili na bushi zikae ofisi ya kijiji, kabatini, na daftari lake.

Ila tukubali mipaka. Sera ya 2002 ilihesabu watu 250 kwa kituo, ndani ya mita 400. Pampu 3 ni watu 750. Peke yake haitoshi.

Mfugaji

Wakuu, mmehesabu watu mkasahau ng'ombe. Kijiji cha namna hii kikiwa na ng'ombe 900, kila mmoja akinywa lita 30 kwa siku, hizo ni lita 27,000. Watu 1,600 kwa lita 25 ni 40,000. Msipoweka birika la mifugo, mtaona ng'ombe kilulani Agosti, na hakuna mgambo atakayemzuia mnyama mwenye kiu. Zege la kilula litapasuka, tope litajaa kwato na mavi, bomba litang'olewa. Tuwekeeni birika tulipie kwa kichwa cha ng'ombe.

Fundi Sola

Ndugu Mfugaji, hoja yako ni nzito, ila kisima hiki hakiwezi. Kisima hakinyonywi chote kilichopimwa. Chukua asilimia 70, yaani lita 6,300 kwa saa. Jua la kusukuma ni kama saa 7, unapata lita 44,100. Watu wanamaliza 40,000. Mkiongeza 27,000 za ng'ombe, maji ndani ya kisima yatashuka hadi kwenye pampu, itanyonya mchanga na hewa, na mota itaungua. Kihisi cha maji kitaizima kama kipo na kama kebo yake haijakatwa.

Mifugo ichimbiwe lambo. Liwe na kina, kwa sababu kanda hii jua hunyonya karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Lambo la kina cha mita 2 linaweza kukauka hata mnyama asipokunywa. Lizungushiwe uzio, na birika liwe nje, upande wa chini, ng'ombe wasiingie majini.

Kwa upande wa mtambo: kuinua lita 40,000 hadi mita 60 kunahitaji paneli za jumla ya kilowati 4 hivi. Zielekee kaskazini kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi. Kiangazi zifutwe kwa kitambaa laini na maji kabla jua halijapanda, kwa sababu maji ya baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Mti unaotia kivuli paneli moja unapunguza nguvu ya mstari mzima, ukatwe matawi. Kinga ya radi na waya wa ardhi viwepo tangu siku ya kwanza. Inveta, kifaa kinachobadili umeme wa paneli uendeshe pampu, inaweza kufa Novemba na Desemba, mvua za radi zikianza, kama mkandarasi aliacha kipengele hicho.

Jambo la mwisho, na hapa niko na Mweka Hazina kwa nusu: bila dira, yaani mita za maji, hamtajua maji yanakopotelea. Wekeni dira moja tangini na moja kila kilula. Kila Jumatatu jumlisheni. Tofauti ikizidi asilimia 20, kuna bomba linavuja au kuna mtu amejiunganishia.

Mweka Hazina

Dada Mama Kaya, hoja ya mvua nimeikubali na hesabu nimerudia. Matumizi nayo tuyaweke, kwa makadirio ambayo kila mtu abadilishe kwa bei za kwao. Mlinzi na mwendesha mtambo, 80,000 kila mmoja kwa mwezi: 1,920,000 kwa mwaka. Klorini, koki na matengenezo madogo: 600,000. Akiba ya pampu na inveta, tukichukulia 9,000,000 kwa miaka 8: 1,125,000. Jumla 3,645,000. Ukitoa kwenye ile 3,705,600 yako, kinabaki 60,600. Koki mbili zikivunjika mwezi mmoja, tayari tumeingia kwenye akiba.

Kwa hiyo nabadilisha pendekezo langu. Kaya ilipe 6,000 baada ya alizeti, kisha ndoo iwe shilingi 10 mwaka mzima. Wakilipa theluthi mbili ni 1,280,000. Ndoo kwa bei hiyo, mauzo yakibaki yaleyale ya Mama Kaya, ni 2,316,000, na baada ya wakala 1,852,800. Jumla 3,132,800, pungufu ya matumizi kwa 512,200. Pengo hilo linazibwa na kaya 86 kati ya zile ambazo hazijalipa, au na watu kuchota zaidi bei ikishuka. Naamini watachota zaidi, ila siwezi kuweka imani kwenye daftari.

Mama Kaya

Nakubali nusu kwa nusu, kwa masharti mawili. Wazee wasio na wa kuwasaidia na wagonjwa wa muda mrefu wasilipe chochote, na majina yao yapitishwe na kila kitongoji kwa uwazi, yasiachwe kwa mwenyekiti peke yake. Pili, akiba ya pampu iwe na akaunti yake, sahihi tatu, mmoja wao mwanamke anayechota maji, na salio lisomwe kila mkutano mkuu, yaani kila miezi mitatu. Fedha ya akiba ikikaa pamoja na ya posho za vikao, mwaka wa nane hatutaikuta.

Fundi Pampu

Na zile seti 3 za sili zinunuliwe kwa mchango wa kwanza kabisa, kabla ya posho ya mtu yeyote.

Mfugaji

Lambo nalo liingie kwenye ajenda ya mkutano huohuo. Lisisubiri mradi wa watu uishe, kwa sababu likichimbwa baada ya Desemba tumekosa mvua ya mwaka mzima.