Naomba ushauri: ustawi wa binadamu unategemea sayansi?

Wakuu, habari zenu. Binti yangu kaniuliza swali hilo, nikajibu ndiyo bila kusita. Nikamtajia ndui: daktari Mwingereza Edward Jenner alichanja mtoto mwaka 1796, na mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa umetokomezwa duniani. Alama za makovu usoni, vijana wa leo hata hawazijui!

Naye akanitajia Fritz Haber, mwanakemia Mjerumani. Aligundua namna ya kutengeneza amonia kwa naitrojeni ya hewani, ikazaa mbolea inayolisha mabilioni. Mwaka 1915 huyohuyo akasimamia gesi ya klorini iliyoua askari kule Ypres, Ubelgiji, kwenye Vita Kuu ya Kwanza.

Nilikosa jibu, na linanisumbua kweli. Je, nimwambie sayansi ni sharti la ustawi lakini haitoshi? Basi kinachopungua ni nini: maadili, sheria, au elimu? Mliowahi kulitafakari, nisaidieni.