MJADALA: Kukatwa kinyama kunasambaza saratani?

Mwalimu wa Baiolojia, Mbeya:
Wadau, hoja hii naisikia kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole: uvimbe ukiguswa na sindano au kisu ili kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, saratani inaamka na kusambaa. Kuna akina mama wanaokwepa kipimo cha titi kwa sababu hiyo tu. Napinga, na sababu zangu ziko ndani ya seli zenyewe.

Seli za titi au ngozi zimeshikana kwa protini iitwayo E-kadherini. Inachomoza nje ya seli na kushikana na ile ya seli jirani, na kalisiamu ikikosekana mshiko unalegea. Kwa ndani imefungwa kwenye nyuzi za protini ya aktini zilizo ndani ya seli, ndiyo maana seli moja ikivuta, jirani anasikia. Kidonda hufunga hivyo: seli za ngozi husogea kama shuka linalovutwa, za mbele zikikamata njia kwa integrini (protini za kushikia kilicho chini ya seli) na za nyuma zikifuata.

Wengi tulifundishwa kwamba E-kadherini ikipotea ndipo saratani husambaa. Ni kweli nusu. Saratani ya titi ya lobula (tezi za maziwa) kwa kawaida haina E-kadherini, na seli zake hupenya moja moja. Lakini ile ya mifereji ya maziwa, iliyo ya kawaida zaidi, mara nyingi bado inayo hata ikishahamia kwingine. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba vifundo vya seli zilizoshikana kwenye damu vina uwezo wa kuanzisha uvimbe mpya mara 23 hadi 50 zaidi kuliko seli moja moja. Uwezo huo wa kuhama uvimbe unaujenga wenyewe, sindano iwepo au isiwepo.

Dada wa Tukuyu:
Shikamoo mwalimu. Shangazi yangu alikatwa kinyama, miezi michache tu ugonjwa ukaonekana mifupani. Hapo unasemaje?

Mwalimu wa Baiolojia, Mbeya:
Marahaba, na pole sana. Seli zikifika mfupani huchukua muda kukua mpaka zionekane kwenye picha, kwa hiyo yawezekana sana zilishaondoka kabla. Sindano kuacha seli njiani hutokea, sikatai, ila ni nadra, na uvimbe wa korodani madaktari hawautoboi kwa tahadhari hiyo hiyo. Kwa titi, bila kinyama daktari hawezi kujua ni aina gani wala kama dawa za homoni zitafaa.

Mkulima, Mufindi:
Mwalimu, kadherini tumekuelewa. Tatizo ni majibu. Mtu anakatwa, anakaa wiki na wiki akisubiri, uvimbe unakua machoni pa familia. Lawama itaendaje kwingine kama si kwenye kisu?

Mwalimu wa Baiolojia, Mbeya:
Hapo umenishika, na nakuunga mkono. Tudai majibu ya haraka, na mgonjwa aelezwe kabla ya kusaini. Ila tusimwambie mama yeyote asubiri nyumbani.