LC2 ina sauti gani mtu akitaka kujenga kituo cha mafuta?

Mama wa Wodi
Ndugu zangu, naomba msaada. Mimi ni mwanakamati wa LC2, yaani baraza la wodi, katika mji mdogo huku mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka. Tajiri mmoja kanunua kiwanja juu kidogo ya chemchemi yetu, ile iliyojengewa saruji na bomba mbili, na anataka kuweka kituo cha mafuta. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa lililo chini yetu, ameshamgongea barua muhuri. Sasa anatangaza kwamba kibali anacho, bado kuchimba mahali pa matangi tu. Asubuhi madumu ya njano hupanga foleni pale mpaka barabarani, na asiyechota hapo ananunua maji. Kesi za ardhi huanzia kwenye mahakama yetu ya LC2. Je, hatuwezi kumkatalia?

Mzee wa Ramani
Pole, dada. Nimestaafu kutoka ofisi ya mipango, na hili linaniuma kila nikilisikia. Barua ya LC1 si kibali. Inaeleza tu kwamba mwombaji anajulikana hapo. Kwa Sheria ya Mipango ya 2010 nchi nzima ni eneo la mipango, hata kijijini, kwa hiyo ombi lazima lipite kwenye kamati ya mipango. Mjini, karani wa mji ndiye mwenyekiti wake na afisa mipango ndiye katibu, pamoja na wataalamu kama mhandisi na afisa mazingira. LC2 haina kiti humo. Na mahakama yenu huamua ardhi ni ya nani, haiamui kijengwe nini juu yake. Mkilichanganya hilo, wakili wake atawashinda mapema.

Lakini sauti mnayo. Kamati huamua kwa karatasi zilizo mezani. Nimepokea michoro safi kabisa, mistari imenyooka, na kisima hakionekani popote. Anayejua mvua ikinyesha maji yanashukia wapi ni wewe, si sisi wa ofisini. Basi iteni mkutano, muandike kumbukumbu, watu watie sahihi, muambatanishe mchoro unaoonyesha kiwanja, mteremko na chemchemi. Pelekeni kwa karani wa mji, afisa mipango na afisa mazingira, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Msiandike "hatumtaki mtu huyu", hiyo kamati itaiweka kando. Andikeni kwamba tangi likivuja, mafuta yatashuka kwenye maji ya kunywa. Ulizeni pia tathmini ya mazingira iko wapi na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, imesema nini.

Jirani wa Koboko
Kwetu ilikuwa mashine ya kusaga, ukutani kabisa na shule. Tuliandika hivyo hivyo. Afisa mipango alikuja mwenyewe, akasimama darasani mashine ya majaribio ikiwa inanguruma, akashindwa kumsikia mwalimu. Mashine haikukataliwa, ila ilisogezwa upande wa pili wa kiwanja na ikapangiwa saa. Mimi nilitaka iondoke kabisa. Hata hivyo watoto sasa wanasoma.

Okello B.
Mzee, maneno mazuri, lakini wenye pesa hawangoji kamati. Barua yetu ilifika jengo likiwa kwenye lenta. Nani atalibomoa?

Mzee wa Ramani
Ndiyo maana nasema waandike wiki hii, Okello. Ombi likiwa bado halijaamuliwa, kamati inaweza kulikataa, kuliahirisha au kulikubali kwa masharti. Hata likipita, kuna mlango wa pili: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kibali cha kujenga hutolewa na kamati nyingine, ya majengo. Na uamuzi wa mipango unakatiwa rufaa, ngazi kwa ngazi hadi Bodi ya Taifa ya Mipango. Mtu akichimba bila vibali, pigeni ripoti kwa maandishi siku hiyo hiyo, kabla msingi haujamwagwa. Simu peke yake haiingii kwenye faili.

Mama wa Wodi
Asante sana, mzee. Nimetoka kwa mwenyekiti wa LC1. Anasema aliambiwa muhuri ule ni wa kumtambulisha mgeni tu, na yuko tayari kuandika hivyo. Mkutano ni Jumapili baada ya ibada. Je, mchoro lazima tumlipe mpimaji?

Mzee wa Ramani
Hapana, penseli inatosha. Onyesheni barabara, kaskazini, na umbali kwa hatua kutoka ukingo wa kiwanja hadi kwenye bomba. Na huyo mwenyekiti aandike barua yake kabla ya mkutano, msisubiri.